Tiba ya seli shina kwa mbwa wenye maradhi ya viungo: imethibitishwa kwa kiasi gani?

KIGALI – Katika mji wa vilima kama Kigali, mbwa mwenye maumivu ya viungo hajifichi. Huamka asubuhi akiwa amekakamaa, husita mbele ya ngazi, hulamba goti au nyonga ile ile kila mara, na akiitwa huja akichechemea. Wengi husema ni uzee tu. Mara nyingi huwa ni ostioathritisi, yaani maradhi ya kuchakaa kwa viungo, ambayo madaktari wa mifugo wa Amerika Kaskazini wamekadiria kuwa humpata mbwa mmoja kati ya watano waliozidi umri wa mwaka mmoja.

Hapa Rwanda jambo hili haliwahusu tu wanaofuga mbwa wa kulinda nyumba. Polisi ya Taifa ina kikosi cha mbwa wanaonusa mabomu na dawa za kulevya. Katika Hifadhi ya Taifa ya Akagera, mbwa husaidia askari wa wanyamapori kufuata nyayo za majangili tangu mwaka 2015, na ng'ambo ya mpaka, Hifadhi ya Virunga hutumia mbwa wa aina ya bloodhound kwa kazi kama hiyo. Mbwa wa namna hii hufunzwa kwa muda mrefu na kwa gharama kubwa. Miguu yake ikishindwa, ujuzi wake wote hukaa bure.

Ndani ya kiungo

Ncha za mifupa hufunikwa na gegedu, kitu laini kinachoiwezesha mifupa kuteleza bila kusuguana. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likiharibika halijijengi upya kwa urahisi. Kwa mbwa, uharibifu mara nyingi huanzia kwenye nyonga isiyokaa vyema katika tundu lake tangu ujana, au kwenye kano ya goti iliyokatika. Uvimbe hufuata, kisha maumivu, na hatimaye mfupa mpya humea kandokando ya kiungo na kukifanya kigumu.

Seli shina ni zipi?

Ni seli ambazo bado hazijapangiwa kazi maalumu mwilini na zinaweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Zinazotumiwa kwa mbwa hazitoki kwenye kiinitete. Huchukuliwa katika mafuta, uboho au kitovu. Kwa njia ya mafuta, daktari humlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, hukata kipande kidogo cha mafuta, maabara hutenganisha seli, kisha seli hizo hudungwa kwa sindano ndani ya kiungo kinachouma. Njia nyingine hutumia seli zilizotoka kwa mnyama mwingine, zikiwa zimeandaliwa mapema.

Hapo awali ilidhaniwa kwamba seli hizo hujenga gegedu jipya. Leo watafiti wengi wanaona kwamba kazi yake kubwa ni nyingine: hutoa kemikali zinazotuliza kinga ya mwili na kupunguza uvimbe. Tofauti hiyo ni muhimu kwa mwenye mbwa, kwani kutuliza maumivu si sawa na kukirudisha kiungo katika hali yake ya zamani.

Ushahidi uliopo

Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha mbwa 21 wenye maradhi ya nyonga. Waliopewa seli zao wenyewe walichechemea kidogo kuliko waliodungwa sindano isiyo na dawa. Mwaka 2016 jaribio jingine, lenye mbwa 74, lilitumia seli za mbwa wengine na pia likaonyesha nafuu. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliidhinisha DogStem, dawa yenye seli shina kutoka kitovu cha farasi, kwa ajili ya kupunguza maumivu na kuchechemea kwa mbwa.

Hata hivyo, majaribio bado ni machache na mengi yalihusisha mbwa wachache. Zaidi ya hayo, mbwa hasemi. Anayeulizwa ni mwenyewe, na aliyelipa fedha nyingi huona nafuu hata pale isipokuwepo. Ndiyo sababu majaribio yaliyo bora humtembeza mbwa juu ya vibao vinavyopima uzito anaoweka kwenye kila mguu. Sindano yenyewe yaweza kuleta uvimbe wa muda, na usafi ukikosekana, maambukizi.

Seli hizi pia ni viumbe hai. Wafugaji wetu wa ng'ombe wanaijua mitungi ya naitrojeni inayohifadhi mbegu za uhimilishaji. Seli shina zilizogandishwa nazo huhitaji uangalizi wa namna hiyo. Zikifa njiani, mbwa hudungwa maji ya bei ghali.

La kufanya kwanza

Hatua ya kwanza ni picha ya eksirei na uchunguzi wa daktari wa mifugo. Ya pili ni uzito. Utafiti wa Marekani uliowafuata mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote ulionyesha kwamba waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maradhi ya viungo yaliwachelewa. Tiba hiyo haina gharama. Ya tatu ni matembezi mafupi ya kila siku pamoja na dawa za maumivu za mbwa, kama meloksikamu, kwa maelekezo ya daktari. Usimpe mbwa ibuprofeni ya binadamu. Yaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo.

Na ukielezwa habari za seli shina, uliza: zimetoka wapi, zimehifadhiwaje, nani aliziidhinisha, na nafuu itapimwaje baada ya miezi mitatu? Asiyeweza kukujibu hayo, usimpe mbwa wako.