Je, Wajua? Maji ya chumvi yaliwahi kuwaka moto

Mwaka 2007, huko Erie, Pennsylvania, Marekani, John Kanzius alikuwa akiifanyia majaribio mashine ya mawimbi ya redio aliyoibuni kwa matumaini ya kutibu saratani, maradhi yaliyomsumbua yeye mwenyewe. Mawimbi hayo yalipopenya neli ya majaribio yenye maji ya chumvi, ulimi wa moto uliwaka mdomoni mwa neli! Profesa Rustum Roy, mtaalamu wa kemia, alirudia jaribio hilo na kueleza kuwa mawimbi hulegeza vifungo vya maji, na haidrojeni hutoka na kuwaka. Hata hivyo, maji si mafuta: haidrojeni ikiungua hurudi kuwa maji, na nishati inayotoka haiwezi kuizidi ile iliyotumika kuyatenganisha.