Gita zito la fuzi: kweli au si kweli?

Ukipiga gita kanisani siku ya Jumapili, kisha ukasikiliza Siamese Dream, albamu ya Smashing Pumpkins ya 1993, utajiuliza ule uzito umetoka wapi. Majibu yapo mengi mitaani, na mengi ni porojo.

"Siri ni pedali." Si kweli. Big Muff, pedali ya fuzi, yaani ya kukwaruza sauti ya gita, ilikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini mpiga gita wa kundi hilo, Billy Corgan, chini ya mtayarishaji Butch Vig, alirudia mapigo yake tena na tena, traki juu ya traki. Wimbo "Soma" peke yake inasemekana una magita yapatayo 40.

"Basi nirekodi mara moja, ninakili mara nane." Si kweli, na huu ndio uongo unaopendwa kuliko yote kwa sababu unampendeza mvivu. Waimbaji kumi wa kwaya wakiimba noti moja, kila mmoja anachelewa au anapanda kidogo kwa namna yake, na hapo ndipo unasikia kwaya. Mwimbaji mmoja ukimnakili mara kumi, utapata mtu mmoja anayepiga kelele. Gita ni vivyo hivyo. Piga upya kila traki, moja iende kushoto, nyingine kulia, na kila mara hakikisha nyuzi zimetyuniwa.

"Mkwaruzo ukizidi, sauti inanenepa." Si kweli. Fuzi hukata vichwa vya mawimbi ya sauti na kuzalisha sauti nyingine juu yake. Traki moja inaivumilia hali hiyo. Zikifika sita, zinageuka uji. Punguza mkwaruzo kwa kila traki kuliko masikio yako yanavyotaka, punguza pia sauti za chini ili besi ipate nafasi, na badala ya kodi kamili piga noti ya msingi na ya tano tu.

"Mkwaruzo ni mambo ya Wazungu." Hapo nakataa kabisa. Konono N°1 ya Kinshasa, kundi la mzee Mingiedi, iliunganisha likembe (ala ya vyuma inayochezwa kwa vidole gumba) na maikrofoni zilizotengenezwa kwa sumaku za vipuri vya magari, na sauti ikakwaruza kuliko pedali nyingi za dukani. Albamu yao Congotronics ilitoka 2004. Hata huko Marekani, pedali ya fuzi ilianza na kifaa kibovu: katika studio ya Nashville, mashine ya kuchanganyia sauti iliharibika wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins uliotoka 1961, na wakaiacha sauti ile ilivyo. Mwaka uliofuata Gibson wakaanza kuuza pedali ya kuiga ubovu huo.

"Bila umeme wa uhakika haiwezekani." Nusu kweli. Pedali nyingi za fuzi zinatosheka na betri ya volti 9, lakini amplifaya ina njaa zaidi. Tena fuzi hukuza kila kitu kinachopita, pamoja na mvumo wa umeme wa jenereta. Kwa hiyo rekodi kwa betri ukiweza.

Kabla hujamtuma mtu Kampala akuletee pedali ya tatu, badilisha nyuzi kwanza, kisha rekodi mapigo yale yale mara nne. Hiyo ya tatu huenda usiihitaji.