Msomaji Asiyetarajiwa: Maandishi ya Kikristo Kutoka Ziwa Moero

Pweto ndipo Ziwa Moero linapotoa maji yake. Mto Luvua unaanzia hapo, unajiunga na Lualaba kule Ankoro, na Lualaba nao unaendelea kaskazini hadi Nyangwe, katika nchi ya Maniema. Kandokando ya njia hiyo ya maji Wakristo wawili kutoka Uskoti, David Livingstone na Dan Crawford, waliandika mambo yaliyokuja kuwagusa watu ambao wao wenyewe hawakuwafikiria. Hilo hutokeaje? Ndilo swali tunalolichunguza hapa, hatua kwa hatua.

Kwanza tutofautishe wasomaji wa aina mbili. Msomaji aliyekusudiwa ni yule ambaye mwandishi anamwona akilini anaposhika kalamu: mtoto wake, waumini wenzake, wafadhili wa misheni. Msomaji asiyetarajiwa ni yule anayeyakuta maandishi hayo baadaye, mahali pengine, akiwa na haja nyingine kabisa. Maandishi mengi ya dini huishia kwa msomaji wa kwanza. Yanayomfikia wa pili ni machache, na hayo ndiyo yanayotuhusu.

Tuanze na barua. Katika miaka ya 1860 familia ya Livingstone ilikuwa ikiishi Hamilton, Uskoti, huku baba yuko Afrika. Barua zake kwa watoto zilisomwa nyumbani, na miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo mtoto wa jirani, Frederick Stanley Arnot, aliyezaliwa mwaka 1858. Barua hizo hazikuandikwa kwa ajili yake. Hata hivyo, mwaka 1881 Arnot alisafiri kwenda Afrika, na Februari 1886 aliingia Bunkeya, mji mkuu wa mfalme Msiri huko Katanga. Miaka mitatu baadaye alichapisha kitabu kuhusu Garenganze, nchi ya Msiri, na mwaka huohuo wa 1889 alirudi Afrika na kundi jipya. Ndani yake alikuwamo kijana wa Gourock ambaye hakuwa ametimiza miaka 19: Dan Crawford.

Ni rahisi kusema kwamba barua za Livingstone ndizo zilizomleta Crawford Katanga. Tusifike huko upesi. Watoto wengine wa Hamilton walisikia habari hizohizo, wakakua, wakabaki kwao. Maandishi peke yake hayatoshi. Sharti awepo msomaji ambaye tayari ana swali moyoni, hata kama hajalipatia maneno. Mwandishi hawezi kumtengeneza msomaji huyo, wala hawezi kujua atazaliwa lini.

Sharti la pili ni mikono inayoyabeba maandishi, na hapa nataka tukae kidogo. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, si mbali na Ziwa Bangweulu. Wenzake wangeweza kumzika, kugawana vitu na kwenda zao. Badala yake wahudumu wake Chuma na Susi waliyafungua masanduku mbele ya wenzao wote, na Jacob Wainwright, aliyesomeshwa katika shule ya misheni ya Nassick huko India, akaandika orodha ya vilivyokuwamo. Kisha madaftari yakasafirishwa pamoja na maiti kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Mwaka 1874 Chuma na Susi walikuwa Uingereza wakimsaidia mhariri Horace Waller kuyafafanua madaftari hayo, yakachapishwa mwaka huohuo. Tunamshukuru mwandishi, nao waliobeba tunawataja kwa kupita tu. Si haki. Bila wao kusingekuwa na la kusoma.

Wakati mwingine mikono hiyo huchelewa sana. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe, Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Akachukua gazeti la zamani kutoka London, akaandika juu yake, mistari yake ikikatiza mistari ya chapa, kwa wino aliotengeneza kutokana na mmea wa huko. Wino huo ulififia. Chapa ya gazeti ikabaki nyeusi. Kwa zaidi ya karne moja kurasa hizo hazikusomeka ipasavyo. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walizitoa hadharani baada ya kuzipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, pamoja na ile isiyoonekana kwa macho, na kuitumia kompyuta kutenganisha wino na chapa.

Ndani ya kurasa hizo mna habari za tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo wafanyabiashara wa utumwa waliwafyatulia risasi watu waliokuwa sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao. Habari hiyo ilikuwa imejulikana tangu zamani kupitia barua zake na shajara aliyoinakili baadaye. Kilichowashangaza watafiti ni tofauti kati ya maandishi ya papo hapo na nakala: katika nakala, baadhi ya maneno makali juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe yalikuwa yamelainishwa. Msomaji wa leo anamkuta Livingstone mwenye wasiwasi na hasira, ambaye wasomaji wa 1874 hawakuonyeshwa. Mimi naona kwamba huyu anagusa zaidi.

Sharti la tatu linahusu kilichoandikwa chenyewe. Livingstone alifika Moero tarehe 8 Novemba 1867, naye aliendelea kuamini kwamba maji yanayotoka ziwani humo yanaelekea Mto Nile. Alikosea, yanakwenda Mto Kongo. Nadharia aliyoihangaikia hadi kufa ilianguka. Lakini masimulizi ya soko la Nyangwe, ambayo hayakuwa lengo la safari yake, yalitoka katika barua alizozibeba mwandishi wa habari Stanley mwaka 1872, yakasomwa Uingereza, yakaongeza nguvu katika kampeni ya kupinga biashara ya watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuifunga biashara hiyo baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Si barua pekee zilizoleta mkataba: kulikuwa na ujumbe wa Bartle Frere aliyetumwa na Uingereza, kazi ya balozi John Kirk na tishio la manowari za Kiingereza. Hata hivyo barua zilikuwamo katika mizani, na mwandishi wake alikuwa amekufa wiki tano kabla.

Sasa turudi ziwani. Baada ya Msiri kuuawa tarehe 20 Desemba 1891, mji wa Bunkeya ulitawanyika, na Crawford akaja kuishi Luanza, ukingo wa magharibi wa Moero, kusini ya mji wa Pweto. Kalamu yake ilifanya kazi mbili. Kwa Waingereza aliandika kitabu kikubwa, Thinking Black, kilichotoka London mwaka 1912. Kwa watu wa huku alitafsiri Agano Jipya kwa Kiluba-Sanga, lililotoka mwaka 1904, kisha akaendelea na Agano la Kale. Alifariki Luanza tarehe 3 Juni 1926, kwa jeraha dogo la mkono lililoingia sumu.

Kile kitabu cha Kiingereza kiliandikwa ili kuwasisimua waumini wa Ulaya. Msomaji huyo hayupo tena. Wanaokifungua leo ni watu wanaotafuta habari za baraza la Msiri, misafara, njaa na biashara ya Bunkeya, kwa kuwa Crawford alikuwa pale na aliona. Wanaruka mahubiri na kusimama kwenye maelezo. Wanalazimika pia kuchuja, maana dharau ya zama zake kwa Waafrika imo humo humo, mara nyingine katika sentensi moja na sifa anazowapa.

Kuguswa, basi, si lazima kuwe kukubali. Katanga inao mfano mwingine. Padri Placide Tempels, Mfransisko, aliandika kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu akiwalenga Wazungu wenzake, na tafsiri ya Kifaransa ikachapishwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Wasomaji waliokipa kitabu hicho uhai wa muda mrefu walikuwa Waafrika: Alexis Kagame alijibizana nacho, na baadaye Fabien Eboussi Boulaga na Paulin Hountondji wakakipinga kwa hoja nzito. Tempels mwenyewe alikuwa amegeukia kusikiliza. Miongoni mwa wachimba migodi wa Kolwezi na wake zao ikazaliwa harakati ya Jamaa, ikifundisha kwa Kiswahili juu ya uzima, uzazi na mapendo.

Tukiweka mifano hii pamoja, hukumu yangu ni hii. Mwandishi Mkristo haachi nyuma yake kile alichokitilia mkazo zaidi. Anaacha kile alichokiona sawasawa na kukiandika bila kukipamba: soko siku fulani, baraza la mfalme, barua kwa mwanawe. Vilivyobaki vinategemea watu wengine wa kuvitunza, na msomaji ambaye bado hajazaliwa.

Kwa hiyo neno langu ni kwa makatekista, wachungaji na mama wa vikundi vya sala walioko Pweto, Kilwa na Luanza, ambao madaftari yao yamejaa mambo ya parokia na vijiji. Mnajua ilivyokuwa Desemba 2000, vita vilipofika Pweto na maelfu ya watu wakakimbilia Zambia na mizigo waliyoweza kubeba. Andikeni tarehe, mahali na majina ya waliokuwapo. Msiyafute mliyoyaandika kwa hasira siku ile. Kisha nakilini daftari, na nakala ya pili muiweke katika nyumba nyingine.