Embe la ngowe kwenye chai ya Garsen

Maembe yakianza kuiva kando ya Mto Tana hayangoji mtu. Wiki hii mkulima wa Kipokomo huyaona yakigeuka rangi, wiki ijayo yametapakaa chini ya mwembe. Lori la mnunuzi likichelewa, au mvua ikiharibu barabara, huozea palepale. Jambo hili huniuma kila msimu, ndiyo maana nikaanza kuyatia kwenye chai.

Majani tunayochemsha hapa Garsen, mji wa delta ya Tana, hutoka Murang'a, Nyeri na Kirinyaga, kwenye miteremko ya Nyandarua na Mlima Kenya. Huko huko ndiko Tana inakoanzia safari yake ya kilomita zipatazo 1,000 hadi Bahari ya Hindi. Maziwa tunanunua kwa kina mama wafugaji wa Kiorma na Kiwardei wanaoyaleta mjini kwa madumu. Muuza maziwa na muuza maembe kufanya biashara soko moja si jambo dogo hapa: kati ya Agosti 2012 na mapema 2013, mapigano ya wakulima na wafugaji katika delta hii yaliua watu zaidi ya 100.

Sasa jikoni. Embe lina ukali, na ukali hukatisha maziwa, hasa yakiwa moto. Kwa hiyo chagua embe lililoiva hadi likalainika, na aina ya ngowe ndiyo bora kwa sababu ni tamu na nyuzi zake ni chache. Embe lenye ugwadu liache, na ukwaju au limau usithubutu. Maziwa nayo yawe ya asubuhi hiyo. Ya jana yameshaanza kuchachuka, yatakatika hata bila embe.

Kwa vikombe vinne, ponda embe moja kubwa, lichuje, kisha lipike kwa moto mdogo na vijiko viwili vya sukari, ukikoroga kwa mwiko hadi liwe zito. Sufuria nyingine chemsha vikombe viwili vya maji na vijiko vitatu vya majani ya chai na iliki nne zilizopondwa. Ukipenda tangawizi mbichi, itie hapa ichemke na maji, kwa maana ikiingia mbichi nayo hukatisha maziwa. Chemsha vikombe viwili vya maziwa peke yake, yachemke kweli kweli, uyaepue na kuengua malai yaliyotanda juu. Changanya maziwa na chai, acha dakika tano. Kisha mimina chai hiyo kidogo kidogo juu ya embe huku ukikoroga, wala usiirudishe motoni. Malai weka juu ya kila kikombe.

Ukibahatika kupata maziwa yaliyokaa kwenye chombo kilichofukizwa moshi, kama wafanyavyo wafugaji, usiyakatae. Wapo wasiopenda harufu ile. Mimi naona moshi na embe vinapatana kuliko iliki na embe.

Msimu ukipita, ponda ndizi mbivu badala ya embe, kwani haina ukali wa kukatisha maziwa.

Nawe unayesafiri barabara ya Malindi kwenda Lamu wakati wa maembe, usipite Garsen moja kwa moja. Teremka, nunua maembe kwa aliyeyalima na maziwa kwa aliyeyakamua, bila kuwapunja bei.