Chumba cha Ordinatere Kimefungwa: Ufunguo Uko kwa Nani?

Labda unakijua chumba hiki. Kiko nyuma ya shule, madirisha yana vyuma, mlango una kufuli kubwa. Ndani muna ordinatere kumi zilizoletwa siku moja pamoja na hotuba, picha na vinywaji. Uliza mtoto wa shule: «Munajifunzaka mule?» Atacheka. «Hapana, baba. Prefe njo eko na ufungulo. Anaogopa tutaharibisha.»

Na kaka yake wa miaka 16? Asubuhi amebeba nyundo na mfuko, amekwenda kwenye mashimo. Sheria inamkataza, kwa sababu hajafika miaka 18. Lakini njaa haisomi sheria, na mlango wa kujifunza umefungwa.

Tazama kijana huyu anachimba nini. Mwaka 1980, John Goodenough na wenzake kule Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba kobalti pamoja na lithiamu inafaa sana kwa kutunza umeme ndani ya batri. Mwaka 1991 kampuni Sony ya Japani ilianza kuuza batri za namna hiyo. Leo kobalti inayochimbwa Congo inapita nusu ya kobalti yote ya dunia, na inatoka hapa kwetu, Lualaba na Haut-Katanga. Inatoka kwetu ndani ya mfuko, inarudi kwetu ndani ya simu. Simu ikikufa, tunatafuta mutu mwingine wa kuifungua. Je, hii ni haki?

Wazazi wengine watasema: «Sisi tulikomea tu kwa kazi ya kampani, na batoto balikula.» Ni kweli. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka. Lakini mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka na malipo ya mwisho. Nyumba nyingi zilijifunza wakati ule kwamba kazi ya baba si shamba la kurithi. Na migodi ya leo? Mashine kubwa moja inafanya kazi ya watu wengi. Inayemtafuta ni yule anayejua umeme, makanika na ordinatere.

Usiseme kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Mwaka 2013, Kinshasa ilisimamisha kwenye njia-panda maroboti ya kuongoza magari. Yaliundwa na kikundi cha mainjinia Wakongomani, kikiongozwa na mama mmoja, Thérèse Izay Kirongozi. Mwili ni wa aluminiamu, nguvu inatoka kwa jua. Baba mwenye kusema «binti hana lazima ya seksioni ya ufundi», akumbuke mama huyu.

Sasa tufanye nini? Kijana, sikiliza mashauri matatu.

1. Ombeni ufunguo kwa utaratibu. Prefe anaogopa kwa sababu mashine ikivunjika hakuna wa kujibu. Basi muunde kikundi. Chagueni mwenyekiti, mwandishi na mtunza feza, kwa mwaka mmoja tu, na wasichana wawe humo. Muwe na daftari: nani ameingia, saa ngapi, ametumia mashine gani. Kila mwezi someni hesabu mbele ya wote. Kuongoza ni huku: kukubali kuulizwa, na kujibu bila hasira.

2. Anzeni na kitu kidogo. Hata bila intaneti, ordinatere inafundisha kuandika barua na kupanga hesabu. Tafuteni fundi wa mtaa awaonyeshe ndani ya simu iliyokufa. Jifunzeni kupima batri na kuunganisha taa ya jua. Lakini angalisho: batri ya lithiamu isitobolewe wala kutupwa motoni. Inaweza kuwaka na kuchoma mkono.

3. Jueni haki yenu. Kodi ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaamuru kila kampuni inayochimba itoe angalau 0,3% ya mapato ya mauzo yake kwa miradi ya wakaaji wa pale. Piga hesabu: kampuni ikiuza kwa dola 100 000 000, hiyo ni dola 300 000. Tena, 15% ya malipo yanayoitwa «redevance» ni ya komine, sekta au sheferi ambamo mgodi uko. Feza hizi zinajadiliwa mikutanoni, na mara nyingi vijana hawako. Muende, lakini musiende na kelele. Muende na karatasi: mushahara wa mwalimu ni ngapi, vyombo ni ngapi, nani atajifunza, nani atatoa hesabu. Mutu mwenye karatasi ni vigumu kumfukuza.

Na wewe mzazi, usimwachie kijana mzigo wote. Mkutano wa wazazi wa shule ni wako. Simama mule, uulize kwa heshima: «Chumba hiki kilifunguliwa mara ya mwisho siku gani? Na ufunguo uko kwa nani?»

Kisha ngojea jibu. Ukirudishwa nyumbani bila jibu, mkutano ujao uulize tena, na siku hiyo usiende peke yako.