Nakala Ng'ambo ya Bahari
Umeme wa Unguja, unaovuka bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba na kupokelewa Mtoni, ulikatika kwa takriban miezi 3 kuanzia Desemba 2009, jambo linaloonyesha hatari ya kuweka data zote kisiwani. Kinga ni urudufishaji, yaani kunakili kila badiliko kwenye hifadhi ya mbali, tuseme Dar es Salaam. Urudufishaji wa papo hapo husubiri hifadhi zote mbili zithibitishe kupokea, na kwa umbali wa kilomita 70 hivi, mwanga ndani ya mkongo wa mawasiliano huenda na kurudi kwa chini ya milisekunde 1, subira isiyo na uzito. Urudufishaji usiosubiri huweza kupoteza miamala ya mwisho hifadhi ya Unguja ikiharibika kabla haijaituma. Hata hivyo, faili likifutwa kimakosa Unguja, hufutwa Dar es Salaam pia, hivyo nakala za akiba za siku zilizopita bado zinahitajika.