Usiku wa Kisumu: Joto Limo Ndani ya Nyumba

Kati ya Januari na Machi, kabla mvua ndefu hazijafika, mchana wa Kisumu hupita nyuzi 30 za Selsiasi mara kwa mara, na mtu akikosa usingizi hulilaumu ziwa. Ziwa linasingiziwa. Mji huu uko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo hewa ya nje hupoa upesi jua likishatua. Kuelekea alfajiri hushuka hadi nyuzi 18 hivi, baridi ambayo mtu wa Mombasa angeitafutia blanketi. Joto linalokukosesha usingizi saa tano za usiku limo ndani, kwenye kuta na chini ya paa.

Mwili wenyewe hauna budi kupoa ndipo ulale. Jioni damu nyingi zaidi huelekea kwenye ngozi, hasa ya viganja na nyayo, ili joto litoke, na joto la ndani hushuka kwa karibu nyuzi moja. Hewa iliyogusana na ngozi ikitulia na kujaa unyevu, jasho halikauki, nawe unabaki kugeuka upande huu na ule. Kuoga maji ya barafu hakusaidii sana, kwa sababu baridi kali hubana mishipa ya ngozi na kulifungia joto ndani. Afadhali maji ya uvuguvugu, tena usijifute yakaisha yote.

Tuje kwenye nyumba. Mabati ya mitaa ya Nyalenda na Obunga hutukanwa sana, na mchana yanastahili. Ila bati ni jembamba: giza likiingia hulitoa joto lake angani haraka. Ukuta wa mawe na zege la gorofa havina haraka hiyo. Hulihifadhi jua la alasiri, hasa upande wa magharibi, kisha hulirudisha chumbani kidogo kidogo hadi usiku wa manane. Mpangaji wa orofa ya juu kabisa, aliye chini ya zege tupu, huenda analipa kodi kumzidi mwenzake wa Obunga na bado analala kwenye tanuri. Pazia zito litasaidia kiasi, lakini kivuli cha nje, kiwe cha mti au cha kibaraza, ni bora zaidi, maana hulizuia jua kabla halijafika ukutani na kwenye kioo.

Halafu kuna upepo. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwa huingia mjini. Usiku mambo hugeuka: hewa iliyopoa huteremka kutoka upande wa vilima vya Nandi na Riat kuelekea majini. Wavuvi wa mashua za tanga hutoka na upepo huo alfajiri na kurudi na ule wa ziwa alasiri. Wajenzi wetu wangewauliza. Dirisha kubwa huelekezwa ziwani kwa ajili ya mandhari, na upande wa mashariki hubakiziwa kidirisha cha choo! Hewa ya usiku huja kutoka mashariki na kaskazini, nayo inataka pa kuingilia na pa kutokea.

Tatizo ni mbu. Ukanda huu wa ziwa ndio wenye malaria nyingi kuliko kwingine kote Kenya, basi ikifika saa kumi na mbili jioni madirisha hufungwa, kwa hofu ya mbu na ya wezi. Kisha mtu huingia ndani ya neti, ambayo peke yake yaweza kupunguza mwendo wa hewa kwa zaidi ya nusu. Wengi huikunja neti ikifika Februari. Siungi mkono hata kidogo. Utafiti mkubwa uliofanywa Asembo na Gem, Siaya, mwishoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba neti zenye dawa hupunguza vifo vya watoto wadogo. Na mbu aina ya Anopheles funestus huuma usiku wa manane hadi karibu na mapambazuko, saa zile zile hewa imepoa na usingizi umekolea.

Neti ibaki, ila hewa isaidiwe kuipenya. Wavu wa mbu kwenye dirisha huruhusu dirisha libaki wazi nyuma ya vyuma vyake. Feni iwekwe usawa wa kitanda, karibu na neti, ipulize moja kwa moja. Feni haipoozi hewa. Huondoa ile iliyoganda kwenye ngozi, na hufaa mradi hewa ya chumba haijafikia joto la ngozi, lililo karibu nyuzi 34. Usiku wa Kisumu haufiki huko.

Nyumba ya bati isiyo na dari ina dawa ya kienyeji. Kwenye nyumba za eneo la mashamba ya mpunga la Ahero, watafiti walitandika mikeka ya mafunjo iwe dari, na mbu waliotua ndani wakapungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Mkeka huo pia hukinga kichwa chako na joto la bati wakati wa jioni. Taa ya mafuta tu isikaribie.

Na ile nailoni iliyokuja na godoro jipya, ambayo huachwa miaka ili godoro lisichafuke, hairuhusu jasho kwenda popote. Itoe kabla ya kulala leo.